Mtakatifu Monika, Mke Aliyejua Saa ya Kusema



Bila shaka unamfahamu Mtakatifu Monika. Umeiona picha yake kanisani, mama aliyejifunika shela, macho ameyainua mbinguni, na karibu naye mwanawe Augustino amevaa kofia ya kiaskofu. Kila tarehe 27 Agosti tunaadhimisha sikukuu yake, na mahubiri ya siku hiyo karibu yote hufanana: mama aliyemlilia mwanawe miaka mingi mpaka akaongoka. Hiyo ni habari ya kweli. Lakini je, umewahi kujiuliza baba yake Augustino alikuwa nani? Kabla Monika hajamlilia mtoto, alikuwa mke wa mtu. Aliishi zaidi ya miaka kumi na mitano na bwana mwenye hasira kali, asiyekuwa Mkristo, tena asiyekuwa mwaminifu katika ndoa. Ukurasa huu ni wa watu wa ndoa, basi leo nataka tuanzie hapo.

Nina ombi moja kabla sijaendelea. Ikiwezekana, someni habari hii mkiwa wawili. Na wewe bwana, kama umefika hapa na tayari unafikiria kumwekea mama watoto gazeti hili mezani ili ajifunze kunyamaza kama Monika, tafadhali soma kwanza mpaka mwisho.

Monika alizaliwa karibu mwaka 331 katika mji wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini. Leo mji huo unaitwa Souk Ahras, nao uko nchini Algeria, karibu na mpaka wa Tunisia. Kwa hiyo alikuwa Mwafrika, ingawa wachoraji wa Ulaya wamemzoea kwa sura nyingine. Nchi yote hiyo wakati ule ilitawaliwa na Roma. Karibu yote tunayojua juu yake yanatoka kwa mwanawe, katika kitabu chake kinachoitwa Maungamo, alichokiandika kati ya mwaka 397 na 400, mama yake akiwa amekwisha kufa miaka kumi na zaidi. Nami namwamini Augustino kwa sababu moja: hafichi makosa ya mtu, hata ya mama yake.

Wazazi wa Monika walikuwa Wakristo. Aliyemlea hasa ni mtumishi mmoja mzee, ambaye alikuwa amembeba mgongoni hata baba yake Monika alipokuwa mtoto. Bibi huyu alikuwa mkali. Hakuwaruhusu wasichana wa nyumba kunywa hata maji nje ya saa za chakula. Sababu yake ilikuwa ya mtu mzima: leo mnakunywa maji ovyo kwa kuwa mvinyo haumo mikononi mwenu, kesho mtaolewa na kupewa funguo za ghala, maji yatawachukiza na ile tabia ya kunywa itabaki.

Na bado Monika aliponyoka. Wazazi walikuwa wakimtuma kuteka mvinyo kwenye pipa, naye akaanza kuonja kidogo kwa ncha ya mdomo, kwa utundu wa kitoto tu. Kidogo kikaongezeka kila siku, hata akawa anameza karibu kikombe kizima. Msichana mtumwa aliyekuwa akienda naye ghalani aliyajua yote. Siku moja waligombana wawili hao, na yule msichana kwa hasira akamtupia neno, akamwita mlevi. Neno lile lilimchoma Monika. Alijitazama, akaona ni kweli, akaacha siku ile ile. Augustino anaongeza jambo la busara: yule mtumwa hakutaka kumponya, alitaka kumwumiza. Mungu ndiye aliyelitumia neno baya kwa kazi njema. Ninawaza kwamba Monika alibeba somo hilo mpaka katika ndoa yake. Alijua kwa mwili wake mwenyewe jinsi neno la hasira linavyoingia ndani, hata likiwa la kweli. Yeye lilimponya. Wangapi limewaharibu?

Alipofikia umri, wazazi walimwoza kwa Patricius. Alikuwa mjumbe wa baraza la mji, mtu wa heshima kidogo na shamba dogo, si tajiri. Augustino anamweleza baba yake kwa pande mbili, na watu wengi husahau upande wa kwanza. Alikuwa mtu wa moyo mwema sana, tena mkarimu. Halafu alikuwa mtu wa hasira inayochemka. Nadhani unamfahamu mtu wa namna hiyo. Labda umeolewa naye, au labda ndiye wewe.

Basi Monika alifanyaje? Patricius alipowaka, mkewe hakumpinga, si kwa tendo wala kwa neno. Alisubiri. Akiisha kumwona ametulia na masikio yamefunguka, hapo ndipo alipomweleza kwa nini alifanya lile alilolifanya, kama bwana alikuwa amekasirika bila kufikiri.

Rudia kusoma maneno hayo, mpendwa msomaji, kwa maana ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni kunyamaza wakati wa moto. La pili ni kusema moto ukizimika. Nimesikiliza mahubiri na semina nyingi za ndoa katika kazi yangu ya ukatekista, na mara nyingi tunamfundisha mama wa Kikristo lile la kwanza tu. Anaambiwa avumilie, amezee, ajaze maji mdomoni. Lile la pili tunaliacha njiani. Monika hakuwa bubu. Alikuwa na hoja zake, na alizitoa zote. Alichokichagua ni saa.

Hekima hii hakuitunga yeye. Ukifungua kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 20 (kama Biblia uliyo nayo nyumbani haina vitabu vya deuterokanoni hutakiona, tafuta ya Kikatoliki), utakuta mwandishi anawatofautisha watu wawili wanaonyamaza. Mmoja ananyamaza kwa kuwa hana la kujibu. Mwingine ananyamaza kwa kuwa anaijua saa. Mwenye hekima husubiri wakati wake, lakini mpumbavu hupita wakati bila kuuona. Mhubiri naye katika sura ya 3 ameweka wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema katika mstari mmoja, wala hakufuta mmoja kati ya hiyo miwili. Na Mithali sura ya 15 inaanza kwa kutukumbusha kwamba jibu la upole hupoza ghadhabu. Angalia, inazungumza juu ya jibu. Aliyenyamaza daima hajajibu.

Twende nyumbani kwako. Bwana ameingia saa tatu usiku. Amesimama kwenye matatu tangu mjini, mshahara umechelewa, na mlangoni tu anakutana na barua ya shule inayodai karo. Ukianza kesi hapo hapo mlangoni utapata kelele, na watoto watasikiliza kutoka chumbani. Lakini ukiiacha kesi hiyo wiki tatu, itaoza moyoni na siku itakapotoka itanuka. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 4, hataki jua lichwee tukiwa bado na uchungu. Basi mpe maji ya kunawa, mpe chakula, watoto walale, halafu kaeni. Mwambie fedha za unga zilikwenda wapi na kwa nini ulimkopesha dada yako bila kumwuliza. Na wewe bwana, mambo ni yale yale. Mama akiwa jikoni na mtoto analia mgongoni, ile si saa ya kumwuliza kwa nini shati lako halijapigwa pasi.

Sasa nafika mahali pagumu. Augustino anasema wanawake wengi wa Thagaste, ambao waume zao walikuwa wapole kuliko Patricius, walikuwa na alama za mapigo usoni. Wakikaa pamoja walilalamikia mwenendo wa mabwana zao. Monika, kama kwa mzaha lakini akimaanisha, aliwaambia tatizo ni ndimi zao, na kwamba siku waliposomewa hati ya ndoa walipaswa kuelewa kuwa wamefanywa watumwa. Wanawake walishangaa kwamba hajawahi kusikika hata siku moja Patricius amempiga mkewe. Walipomwuliza siri, aliwaeleza desturi yake. Walioifuata walirudi kumshukuru.

Nampenda Monika, lakini mzaha ule siwezi kuufundisha kwa wachumba wanaojiandaa kwa ndoa. Alikuwa akisema kama mwanamke aliyekulia chini ya sheria za Kirumi, ambazo zilimweka mume kuwa bwana wa nyumba na wote waliomo. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Paulo, kabla hajawaambia wake chochote katika Waefeso sura ya 5, anawaambia wote wawili watiiane kwa kumcha Kristo. Kisha anampa mume mzigo mzito kuliko wote, yaani kumpenda mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Kristo hakulipiga Kanisa lake. Jeraha usoni halikuletwa na ulimi wa aliyepigwa, limeletwa na mkono wa aliyepiga.

Kwa hiyo dada yangu unayepigwa, habari ya kungoja hasira ipoe haikuhusu wewe. Usingoje saa nzuri. Ondoka na watoto, nenda kwa wazazi wako, kwa padre, kwa chifu, nenda hospitali wakuandikie ulivyoumia, nenda kituo cha polisi. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakubali kwamba mwenye ndoa anayehatarishiwa sana roho au mwili, yeye au watoto, ana sababu halali ya kuondoka. Papa Fransisko katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016 alifundisha kwamba kuna wakati kutengana ni jambo la lazima, ili kumwokoa aliye dhaifu na watoto wadogo. Na hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Anayekwambia kwamba ukienda kushtaki umevunja sakramenti anakosea.

Tena naomba mabwana wamtazame Patricius hapa. Hakuwa Mkristo. Hakuwa amefundishwa upendo wa Kristo. Mji mzima ulizoea kupiga wake, na yeye ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wengi wao. Lakini mkono wake ulikaa chini. Tunamsifu Monika kwa hilo, na ni haki, ila mkono ule ulikuwa wa Patricius.

Juu ya uzinzi wa Patricius sitasema mengi. Monika alivumilia, hakumgombeza, akamwombea apate imani na pamoja nayo usafi wa moyo. Siku zile mke hakuwa na mlango mwingine. Leo kuna ugonjwa wa UKIMWI na mengineyo, na amri ya sita inambana mume sawasawa na mke. Mke aliyesalitiwa ana haki ya kuongea, kwenda kupimwa, na kumdai bwana aende naye. Kusamehe kupo, lakini kusamehe si kufumba macho.

Palikuwa na mtu wa tatu katika nyumba ile, mama mkwe. Akina mama mnaosoma mmetabasamu. Vijakazi wa nyumbani walikuwa wakimpelekea mama mkubwa maneno ya uchochezi juu ya mke wa mwanawe, naye mwanzoni aliyaamini. Monika hakwenda kushtaki kwa Patricius. Aliendelea kumhudumia mama huyo kwa heshima na upole, siku baada ya siku, mpaka mwenyewe akageuka. Mama mkwe ndiye aliyekwenda kwa mwanawe kuwataja wachochezi na kutaka waadhibiwe, na wakachapwa. (Kuchapwa kwa watumwa kunanisikitisha, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuleta fitina, na wanawake wale wawili waliishi kwa utamu ambao Augustino aliukumbuka.

Fikiria mume angewekwa katikati. Akimtetea mke, amemkosea mama. Akimtetea mama, amemvunja mke. Monika alimwokoa bwana wake na kesi ambayo hakuna mwanamume anayeishinda.

Hata nje ya nyumba alikuwa na kipaji hicho. Wanawake wawili wakikosana, kila mmoja alikuja kwake kumwaga uchungu wake juu ya mwenzake. Monika alisikiliza yote, lakini hakupeleka kwa mmoja neno la mwenziwe ila lile la kuwapatanisha. Augustino anasema angeliona jambo hilo kuwa dogo, kama asingalijua watu wengi wanaobeba maneno ya maadui, tena wanaongeza yasiyosemwa. Hili tunalijua katika jumuiya zetu ndogo ndogo na katika vyama vya akina mama. Mithali sura ya 26 inasema moto ukikosa kuni huzimika. Sisi wengine tunatembea na mzigo wa kuni mgongoni.

Walijaliwa watoto watatu ambao tunawajua: Augustino aliyezaliwa tarehe 13 Novemba 354, Navigius, na binti ambaye kitabu hakimtaji jina. Patricius alijinyima ili Augustino asome. Fedha zilipokwisha, kijana alikaa nyumbani mwaka mzima akiwa na miaka kumi na sita huku baba akitafuta karo ya kumpeleka Karthago. Ni mwaka huo kijana alipoharibika. Baba alipomwona amekuwa mwanamume, alifurahi kwamba wajukuu wako njiani. Mama alitetemeka, akamwita mwanawe faraghani na kumwonya juu ya uasherati. Lakini kumtafutia mke hakutaka, akihofia ndoa ingeharibu masomo. Augustino anawalaumu wote wawili kwa hilo. Mzazi unayesema masomo kwanza na mengine baadaye, hapo pana jambo la kufikiri.

Karibu mwaka 370 Patricius alijiandikisha kuwa mkatekumeni, na muda mfupi kabla ya kifo chake, karibu mwaka 371, akabatizwa. Mtume Petro katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, aliwatumainisha wake wenye waume wasioamini kwamba mwenendo wao waweza kuwavuta hata bila neno. Kwa Monika ilichukua miaka yote ya ndoa. Augustino anasema baada ya mumewe kuamini, Monika hakulia tena juu ya yale aliyoyavumilia zamani. Walionja ndoa ya Kikristo kwa muda mfupi sana.

Na sasa jambo ambalo hunifariji mimi. Mwanamke huyu aliyejua saa ya kusema na mumewe, alishindwa na mwanawe. Augustino alipojiunga na madhehebu ya Wamanikeo, mama alikataa hata kula naye meza moja, mpaka ndoto ilipomtuliza akamkubali tena. Akamsumbua askofu mmoja akitaka aende kubishana na kijana. Askofu, ambaye mwenyewe alilelewa na Wamanikeo akawatoka, alimwambia amwache tu na kumwombea. Mama hakukubali, aliendelea kulia na kumng'ang'ania, hata askofu akachoka, akamwondoa kwa kumwambia kwamba mtoto wa machozi mengi hivyo hatapotea. Mwaka 383 Augustino alimtoroka usiku kwa meli kwenda Roma, akimwacha anasali katika kanisa la Mtakatifu Sipriano. Mama akamfuata ng'ambo, akampata Milano. Huko alisaidia mpango wa kumwoza kwa binti wa ukoo mzuri, ambaye bado hakuwa ametimiza umri wa kuolewa, na mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi na kumzalia mtoto wao Adeodatus akarudishwa Afrika peke yake. Hata jina lake hatujui. Moyo wa Augustino ulitoka damu, kwa maelezo yake mwenyewe. Harusi yenyewe haikufanyika. Mtakatifu naye anaweza kukosea kuhusu ndoa ya mtoto wake.

Ni huko Milano, chini ya Askofu Ambrosi, alikojifunza kuacha. Alikuwa na desturi ya Kiafrika ya kupeleka chakula na mvinyo makaburini pa mashahidi. Alipoambiwa na bawabu kwamba askofu amekataza, aliacha bila ubishi, akapeleka sala badala ya kikapu. Mwaka 386 mwanawe aliongoka, na usiku wa Pasaka mwaka 387 alibatizwa pamoja na Adeodatus na rafiki yake Alipius.

Mwaka huo huo walianza safari ya kurudi Afrika. Walipofika Ostia, bandari ya Roma, Monika alishikwa na homa, na siku ya tisa akafariki. Alikuwa na miaka 56. Kwa miaka mingi alikuwa amejiandalia kaburi ubavuni mwa Patricius, na hamu yake ilikuwa watu waseme kwamba baada ya kuvuka bahari, udongo wa wote wawili umefunikwa pamoja. Lakini alipoona anakufa ugenini, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasijisumbue. Aliomba kitu kimoja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa. Akazikwa Ostia. Mwaka 1945 wavulana wawili waliokuwa wakichimba shimo karibu na kanisa la Mtakatifu Aurea huko Ostia waligonga kipande cha jiwe lililokuwa na maandishi ya kaburi lake. Masalia yake yenyewe yalikwisha kupelekwa Roma mwaka 1430, na leo yako katika kanisa la Mtakatifu Augustino mjini humo.

Augustino alipomaliza kuandika habari za mama yake, aliwaomba wote watakaosoma kitabu chake wamkumbuke altareni. Lakini hakumtaja mama peke yake. Aliwataja pamoja, Monika na Patricius aliyekuwa mume wake.